Namna ya Kuipokea Habari ya Chanjo Mpya ya Malaria

Ukisoma kwamba chanjo mpya ya malaria inakinga kwa asilimia 75, tafuta kwanza asilimia hiyo ilipatikana kwa kina nani, kwa muda gani, na kwa kulinganishwa na nini. Habari nyingi huyaweka majibu hayo katika aya za mwisho au haziyataji kabisa, ndiyo maana watu wawili wenye akili timamu huweza kusoma habari moja, mmoja akaondoa chandarua na mwingine akakataa kumpeleka mtoto kliniki.

Chukua chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mnamo Oktoba 2023. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalihusisha watoto wapatao 4,800 wenye umri wa miezi 5 hadi 36 katika nchi za Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Asilimia 75 ilipatikana katika maeneo ambayo malaria huja kwa msimu, ambako watoto walichanjwa kabla ya msimu kuanza. Penye malaria mwaka mzima, kama Kilifi na Bagamoyo, ilikuwa asilimia 68, kwa hiyo msomaji wa Pwani aliyeshika 75 ameshika namba ya wenzake. Zote mbili zilipimwa kwa miezi 12 baada ya dozi tatu za mwanzo, kwa kuwalinganisha watoto hao na wengine waliopewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haikingi malaria. Maana ya asilimia 75 ni kwamba, pale ambapo watoto 20 kati ya 100 wangeugua malaria katika mwaka huo, waliochanjwa wangeugua kama watano. Haimaanishi kwamba watoto 75 wamepona hatari na 25 wameachwa bila kinga.

Swali la muda ndilo linalopuuzwa zaidi. Chanjo iliyotangulia, RTS,S, ilitangazwa mwaka 2011 kwa matokeo ya mwaka mmoja yaliyozidi kidogo nusu, lakini watoto hao walipofuatiliwa kwa takriban miaka minne, pamoja na dozi ya nne, kinga ilionekana kuwa asilimia 36. Hakuna aliyedanganya, kinga hupungua kadiri muda unavyopita, na kila namba ilikuwa sahihi kwa kipindi chake. Ilipoanza kutolewa Malawi, Ghana na magharibi mwa Kenya mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba yenye uzito kuliko zote, ingawa haivutii macho kwenye kichwa cha habari.

Habari ikiwa ya kutisha, uliza ni nani aliyeibua hofu hiyo na kama ilifuatiliwa. Katika majaribio ya RTS,S, watafiti wenyewe waliandika kwamba homa ya uti wa mgongo na malaria ya ubongo zilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana navyo vilizua maswali. Utoaji wa chanjo katika nchi zile tatu ulipangwa, pamoja na mambo mengine, ili kuyachunguza hayo, na haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyoyasababisha. Anayekwambia kwamba tunafanyiwa majaribio kwa siri mweleze mlolongo huo kwa utulivu, kwani kumwita mtu mshamba hakujawahi kumfikisha mtoto wake kliniki.

Baada ya hapo angalia ni nini hasa kinachobadilika nyumbani kwako. Chanjo hizi ni za watoto wadogo, kuanzia umri wa takriban miezi mitano, kwa dozi nne. Mtu mzima hahusiki. Chandarua kinabaki kitandani, na mtoto aliyechanjwa akipata homa bado anapaswa kupimwa. Ukiamua kuisambaza habari hiyo katika kundi la familia, iandamane na maneno yako mwenyewe, kwa mfano: “Ni ya watoto wadogo, dozi zote nne zikamilike, chandarua kiendelee kutumika, mwulize mhudumu wa kliniki kama imeshafika kwenu.”