Kabla ya Kushika Patasi: Meza ya Magogo ya Miti Tofauti

Anayetaka meza fupi ya sebuleni ya magogo, uso wa mwembe na miguu ya msaji au mkaratusi, ajue kwamba sehemu ngumu ya kazi hutangulia patasi. Meza nyingi za namna hii hupendeza miezi ya mwanzo, halafu miguu inalegea na uso unapasuka. Gundi ndiyo hulaumiwa, ilhali mara nyingi chanzo ni mti uliofungwa ungali mbichi.

Mti ukikauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Na kila mti una tabia yake. Msaji na mninga husinyaa kidogo, mkaratusi husinyaa sana na kupasuka ncha. Ukiviunganisha vipande hivi kabla havijakauka, kimoja kitavuta na kingine kitabaki palepale, na kiungo ndicho kitakachoumia. Kwa ubao unaokaushwa kwa hewa tu, makadirio ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ubao wa sentimita 5 basi ni kama miaka miwili, kwa hiyo mwenye haraka anunue uliokwisha kauka. Zipange mbao kivulini, juu kidogo ya ardhi, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja. Ncha zipake rangi au nta, maana maji hukimbilia kutokea huko na nyufa huanzia hapohapo. Ukitaka uhakika, weka kipande kwenye mizani kila wiki: uzito ukiacha kushuka, kimepatana na hewa ya mahali hapo. Nasisitiza mahali hapo, kwa sababu meza iliyokaushiwa Tanga ikipelekwa Dodoma itasinyaa tena.

Gogo zima lenye kiini ndani karibu lazima litapasuka, hata ukilikausha kwa upole. Afadhali umchagulie ufa njia: piga mkato mmoja wa msumeno kwa urefu wa gogo, hadi karibu na kiini, upande utakaofichwa.

Wengi hupenda kuacha gome. Mimi nashauri libanduliwe. Chini yake wadudu hupata maficho, na siku moja litadondoka lenyewe na vanishi yako. Mwembe unahitaji uangalizi zaidi: ni mti mweupe unaoshambuliwa upesi na kuvu na bungua. Uchanwe mara tu baada ya kukatwa, upakwe dawa ya boraksi, kisha ndipo uanikwe.

Uliza pia mti umetoka wapi. Mwembe mzee wa shambani usiozaa tena ni mali nzuri, na msaji wa mashamba ya kupandwa, kama Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro, hupatikana bila kugusa msitu wa asili. Kwa mninga na mkongo, usitoe fedha kabla ya kuona risiti na hati ya kusafirishia kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Miti hii hukua polepole mno kuvumilia ununuzi wa kufumba macho.

Msaji una mafuta yanayokataa gundi, basi tayarisha spiriti ya kufutia kiungo muda mfupi kabla ya kupaka. Uso usiugandishe kwenye fremu: toboa matundu marefu ya skrubu, uweze kutanuka wakati wa masika na kurudi kiangazi. Barakoa ya vumbi ni ya lazima, hasa ukiongeza mvule, ambao vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Kimo cha sentimita 40 hadi 45 hufaa makochi mengi, lakini pima kochi lako kwanza. Vipande vyote vikishapatikana, vilaze wiki mbili tatu katika sebule itakapokaa meza, ndipo ukate kwa kipimo.