Starsector: jinsi ya kuifikisha torpedo kwenye bodi badala ya ngao

Katika Starsector, mchezo wa kompyuta wa mapigano ya meli za angani, torpedo ya Reaper ina pigo la 4,000. Hakuna silaha nyingine ya kufungwa kwenye frigeti, yaani meli ndogo ya kivita, inayokaribia hapo, na hakuna inayopotezwa bure kama hiyo. Mchezaji mgeni anamwona adui, anabonyeza, torpedo inapasukia kwenye ngao, adui anaendelea na shughuli zake. Mimi nilirusha hivyo kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba kombora katika mchezo huu si la kuanzia pigano. Ni la kumalizia. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jua nini kinaumiza nini

Risasi za kinetiki huiumiza ngao mara mbili na deraya, yaani ganda gumu la meli, nusu. Za mlipuko ni kinyume chake: ngao nusu, deraya mara mbili. Za nishati ni sawa kote. Torpedo na makombora mengi yenye pigo kubwa ni ya mlipuko: Reaper 4,000, Hammer 1,500, Atropos 1,000, Harpoon 750. Sabot ndiyo ya kinetiki, na tutairudia.

Kwa hiyo Reaper ikigonga ngao inabaki 2,000, tena inamwongezea adui flaksi tu (mzigo wa nishati unaojaa kwenye meli ngao ikipigwa au silaha zikifyatuliwa), ambayo ataimwaga baadaye. Ikigonga deraya inahesabiwa kama 8,000.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Deraya haipunguzi kila pigo kwa kiwango kilekile. Mchezo unachukua nguvu ya pigo, unaigawanya kwa jumla ya pigo hilo na deraya. Chukua Onslaught, manowari yenye deraya ya 1,750. Reaper: 8,000 gawanya kwa 9,750, inapita karibu asilimia 82. Harpoon: 1,500 gawanya kwa 3,250, inapita karibu asilimia 46. Harpoon sita kwenye karatasi ni 4,500, zaidi ya Reaper moja, lakini zikiikuta deraya nzima zile za mwanzo zinamezwa zaidi ya nusu, ingawa kila inayotua inailegeza kwa inayofuata. Ndiyo maana meli nene huwekewa torpedo, na Harpoon zikaachiwa frigeti na meli ambazo deraya yake imeshachunwa.

Hatua ya 2: Tenga makombora kwenye kundi lake

Kwenye skrini ya kupanga meli, fungua makundi ya silaha. Torpedo iwe na kundi lake peke yake, isichanganywe na bunduki. Weka zipokezane, zisitoke kwa pamoja, ili kila ukibonyeza itoke moja. Zima ufyatuaji wa kujiendesha kwa kundi hilo. Bunduki za kudungua makombora ziwe kinyume: ziachie zijiendeshe zenyewe muda wote.

Kumbuka pia kwamba makombora mengi hayajazwi tena katikati ya pambano. Salamander na Pilum hujizalisha polepole. Reaper ikitoka imetoka. Nafasi ndogo ya Reaper hubeba moja tu. Ukiona huwezi kuishi hivyo, kiongezeo cha Expanded Missile Racks kinazidisha idadi mara mbili.

Faida yake ni kwamba kuirusha hakukugharimu flaksi. Hata ukiwa umebanwa, bunduki zako zimenyamaza, torpedo bado inatoka.

Hatua ya 3: Mjaze adui flaksi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo uvumilivu wako utajaribiwa.

Kila kinachogonga ngao kinageuka flaksi kwa mwenye ngao. Risasi zinaacha flaksi ngumu, ile isiyopungua maadamu ngao imewashwa. Miale ya mfululizo inaacha flaksi laini, inayopungua hata ngao ikiwa juu. Kwa hiyo kama unaendesha frigeti ya Wolf, kwenye nafasi yake ya kati mimi naweka Pulse Laser, inayotoa risasi za nishati, si mwale. Kama meli yako inabeba bunduki za risasi, weka za kinetiki mbele.

Mchague adui kwa kitufe cha R, kisha jicho lako likae kwenye kipimo chake cha flaksi kuliko kwenye meli yenyewe. Kikiwa chini ya nusu, torpedo haipo mawazoni mwako. Piga, rudi nyuma, shusha flaksi yako kwa V ukiwa mbali, rudi tena. Usimwache apumzike muda mrefu, maana akitulia mbali nawe atamwaga yote na utaanza upya.

Sabot inaingia hapa. Ikikaribia shabaha inapasuka vipande vinavyoongeza kasi, hivyo bunduki za kudungua hupata muda mfupi sana. Rusha Sabot kwanza, Harpoon zifuate nyuma yake. Adui akiinua ngao, Sabot zinamjaza. Akiishusha ili Sabot zigonge deraya, Harpoon zinamkuta wazi. Njia zote mbili zina maumivu.

Hatua ya 4: Utambue mwanya

Mianya iko mitatu.

Kuzidiwa: flaksi imejaa wakati ngao bado inapigwa. Ngao inazimika, silaha zinanyamaza, na hana la kufanya hadi muda wake uishe. Huu ndio mwanya mnono.

Kumwaga: adui mwenyewe ameamua kuitoa flaksi. Akishaanza hawezi kukatisha katikati. Hana ngao wala hafyatui hadi amalize. Ukiwa karibu, usifikirie mara mbili.

Ubavu na mgongo: ngao nyingi za mbele hazizunguki meli nzima. Onslaught kwa nyuma iko wazi, na injini ziko hukohuko. Wolf inaweza kuruka nafasi fupi kwa Phase Skimmer, na mimi nimeiua Onslaught mara nyingi kwa kuingia upande huo wakati wenzangu wameishikilia kwa mbele. Salamander nazo husaidia: zinazunguka kutafuta injini, na injini zikizimika meli haiwezi kukugeukia.

Hatua ya 5: Rusha kwa karibu

Reaper haifuati shabaha. Inakwenda ulikoielekeza, na ikitoka huanza taratibu kabla ya kuchukua kasi. Ukirusha kwa mbali unawapa bunduki za kudungua muda wa kuimaliza, na unaipa shabaha muda wa kusogea. Ingia karibu, pua ya meli yako ikiangalia katikati ya bodi, bonyeza mara moja. Tazama imetua wapi kabla ya kurusha ya pili.

Angalia pia nani yuko nyuma ya adui. Torpedo haichagui, na rafiki akikatiza mbele yake atapokea yeye. Ukishaona bodi inakatika, ondoka, kwa sababu meli kubwa ikilipuka inawaumiza walio karibu.

Jizoeze kwenye uwanja wa majaribio ulio kwenye skrini ileile ya kupanga meli. Mchague Enforcer awe adui, ingia na Wolf yenye Reaper mbili, na ujipe sharti moja: hakuna kurusha kabla hajazidiwa au hajaanza kumwaga. Mara za kwanza utakufa ukiwa bado unazo zote mbili. Endelea. Mkono unajifunza kusubiri.

Hatua ya 6: Makombora ya wenzako

Meli zinazoendeshwa na kompyuta mimi siziwekei Reaper ila kwa sababu maalumu. Zinaitumia Harpoon vizuri zaidi, na Sabot pia. Reaper nazibakiza kwenye meli ninayoiendesha mwenyewe.

Ndege za mabomu ni habari nyingine, kwani zinarudi kwenye meli mama kujaza na kutoka tena. Longbow hubeba Sabot, Dagger hubeba Atropos, Cobra hubeba Reaper. Kundi la Dagger peke yake mara nyingi linaishia kwenye ngao. Weka Longbow pamoja nazo, fungua ramani kwa Tab, uzielekeze meli mama zote kwa adui mmoja. Longbow zinamshindilia flaksi, na Dagger zikifika ngao inakuwa imelegea au imeshazimika.