Jinsi ya kuchagua na kushughulikia aloi za nikeli za joto kali

Kabla hujaulizia Inconel au Hastelloy, yaani majina ya kibiashara ya aloi hizi za nikeli, jiulize kwanza hicho kipande kinaenda kukaa wapi, maana wengi wanauliza tu "inavumilia nyuzi ngapi" wakati joto ni robo ya swali, kuna mzigo na kuna gesi inayokizunguka. Kutoungua ni jambo moja, kubeba mzigo humo motoni ni jambo jingine kabisa. Metali ikivutwa huku ina joto kali inarefuka polepole mpaka inakatika, hata kama haijakaribia kuyeyuka.

Mfano Inconel 718 (hizi namba ni aina za aloi), hii ya diski za injini za jeti, ina nguvu kwelikweli, ila ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 650 hivi za Selsiasi inaanza kulegea, kwa sababu vile vichembe vya nikeli na niobiamu vinavyoipa nguvu vinageuka. Kama ni vifaa vya ndani ya tanuru tu na mzigo ni mdogo chukua 601, ina alumini inayosaidia kromu kujenga ngozi ya oksaidi isiyobanduka ovyo. Maji ya bahari na asidi, 625. Waya wa hita ni nikeli 80 kwa kromu 20, hapo usiumize kichwa.

Ukiikereza, mwendo uwe mdogo, kulanti (kimiminika cha kupoozea) nyingi, na ncha ya kisu cha mashine isisugue bila kukata hata kidogo, inagumisha uso halafu raundi inayofuata ncha inakufa.

Kazi kubwa iko kwenye kuchomelea. Grisi, rangi, alama za makapeni, vyote vinaweza kuwa na salfa, na salfa ikikutana na nikeli vinatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 640 hivi tu, unapenya katikati ya punje za metali, ndo unaona ufa pembeni ya weldi unalaumu fimbo bure. Futa na asetoni kwanza. Ile ngozi nyeusi ya oksaidi nayo isage mpaka metali itoke, brashi ya waya inaing'arisha tu haiitoi, na yenyewe inayeyuka kwenye joto kubwa kuliko aloi kwa hiyo moto wa weldi utaiacha humo humo.

Na kama tanuru lako linatumia mafuta yenye salfa nyingi, usikimbilie nikeli nyingi, tafuta aloi yenye kromu zaidi.