SOMO: Kuipima timu ya IPL msimu mzima bila kudanganywa na msimamo

Assalaam aleikum wana baraza. Kila ligi ya kriketi ya India ikimalizika, ujumbe ni ule ule: "Timu yangu imeshika nafasi ya nne, imecheza vizuri au imebahatisha?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena ataelekezwa huku. Mifano yote ni ya msimu wa 2024, maana mwaka ule ulikuwa na kila kituko.

1. Chukua msimamo wa hatua ya ligi. Timu 10, mechi 14 kila moja, ushindi pointi 2, isiyo na matokeo pointi 1.

2. Toa mvua. Kolkata waliongoza na pointi 20, lakini walishinda 9, wakafungwa 3, na mbili zikaliwa na mvua. Andika matokeo hivyo, usiandike pointi peke yake.

3. Pasua msimu vipande viwili. Bengaluru walimaliza na ushindi 7 na vipigo 7. Ukisoma hivyo utasema timu ya wastani, na utakuwa umesema uongo. Katika mechi 8 za mwanzo walishinda moja tu, kisha wakashinda 6 za mwisho mfululizo. Rajasthan ni kinyume chake: ushindi 8 katika mechi 9, halafu wakafungwa 4 za kufuatana, na ya mwisho ikanyeshewa. Timu zote mbili zilivuka kwenda mtoano, lakini moja ilikuwa inapanda na nyengine inateremka.

4. Safu ya NRR (net run rate, tofauti ya kasi ya mikimbio). Hapa tulia, weka simu chini, soma mara mbili. NRR ni mikimbio (alama za kupiga) uliyopata kwa kila ova (fungu la mipira 6) uliyopiga, ukitoa mikimbio uliyofungwa kwa kila ova uliyorusha. Maelezo mepesi, mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni nukta. Ova 18.3 maana yake ni ova 18 na mipira 3, na ova ina mipira 6, kwa hiyo kwenye hesabu ni 18.5. Ukijumlisha 18.4 na 19.5 hupati 37.9, unapata ova 38 na mipira 3. Kikokotoo cha simu hakijui kriketi. Dawa yake: geuza kila kitu kuwa mipira. 18.3 ni mipira 111. Jumlisha mipira, mwisho kabisa gawa kwa 6.

Mtego wa pili ni timu iliyotolewa wote, yaani wapigaji wake wameisha. Hiyo huhesabiwa ova zake zote 20 hata kama ilimalizwa mapema. Chukua fainali ya 2024 kwa kujifunzia tu (fainali haiingii kwenye msimamo). Hyderabad walitolewa wote kwa mikimbio 113 ndani ya ova 18.3. Kasi yao ni 113 kugawa 20, yaani 5.65. Ukigawa kwa 18.5 unapata 6.11, umewapa zawadi ya kutolewa haraka! Kolkata walifika 114 kwa ova 10.3, wao hawakutolewa, kwa hiyo unagawa kwa 10.5 na kupata 10.86. Tofauti ni 5.21.

Mtego wa tatu: NRR ya msimu si wastani wa NRR za mechi. Jumlisha mikimbio yote ya msimu, jumlisha mipira yote, ndipo ugawe.

Ukidhani haya ni madogo, kumbuka Mei 18. Bengaluru na Chennai walimaliza na pointi 14 kila mmoja, Delhi na Lucknow nao vile vile. Timu nne, nafasi moja ya mtoano, na kwa kuwa pointi zililingana NRR ndiyo ikaamua. Bengaluru walihitaji kumshinda Chennai kwa angalau mikimbio 18, wakashinda kwa 27. Chennai walifungwa huku bado wakiitafuta mikimbio ya kuvukia, si ya kushindia.

5. Angalia uwanja. Bengaluru mipaka ni mifupi, na ndipo Hyderabad walipopiga 287 kwa wiketi 3 (wapigaji watatu tu waliotolewa) Aprili 15. Wenyeji wakajibu 262 na bado wakafungwa. Mikimbio 170 pale ni aibu, Chennai kwenye mpira wa kuzunguka inaweza kutosha.

6. Usipime mchezaji kwa bei. Mitchell Starc, mrushaji wa Kolkata, alinunuliwa rupia milioni 247.5, wiki za mwanzo akachekwa sana, kisha akawa mchezaji bora wa fainali.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

Mtoto wa Malindi: Nimepiga hesabu ya Hyderabad nimepata 6.17, umekosea.

Mwandishi: Umegawa kwa 18.3. Umeingia mtego wa kwanza na wa pili kwa mpigo. Rudi namba 4.

Yakhe mgeni: Kwa ufupi nani alikuwa bingwa?

Mwandishi: Kolkata. Kwa hilo hukuhitaji somo.

Konde Pemba: Kaka, kama Bengaluru walikuwa wanapanda na Rajasthan wanateremka, mbona walipokutana kwenye mtoano Rajasthan ndio walioshinda?

Mwandishi: Ahsante, hili ndilo swali. Rajasthan walishinda wakiwa wamebakiwa na wiketi 4, kisha Hyderabad wakawatoa kwa mikimbio 36. Kupasua msimu kunakwambia timu imepitia wapi, hakukupi matokeo ya mechi moja ya ova 20. Ukitaka kwenda ndani zaidi, pasua na ova pia: sita za mwanzo, za kati, nne za mwisho. Utaona timu inakufa wapi. Ukifanya, lete jedwali lako hapa tulitazame pamoja.

Michenzani blok: Umesema timu zote zinakutana mara mbili, si kweli.

Mwandishi: Sikusema popote. Timu 10 zikikutana mara mbili zingekuwa mechi 18 kila moja, mimi nimeandika 14. Kila timu hukutana na tano mara mbili na nne mara moja. Lakini umenikumbusha jambo: tazama timu yako ilirudiana na nani, maana ratiba hazilingani.

Ukhti Chake: Naweza kulinganisha mikimbio ya 2024 na ya 2022?

Mwandishi: Kwa tahadhari, dada yangu. Tangu 2023 timu inaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja katikati ya mechi, kwa hiyo mara nyingi huongeza mpigaji. Ndani ya msimu mmoja linganisha utakavyo. Ukivuka 2023, linganisha nafasi za timu badala ya mikimbio.

Mtoto wa Malindi: Nimepata 5.65. Samahani.

Mwandishi: Haina neno ami.

Kijana wa skuli: Mechi huku ni saa ngapi? Mie nachelewa kila siku.

Mwandishi: Za usiku wa India ni saa kumi na moja jioni kwetu, za mchana ni saa saba.

Konde Pemba: Ramadhani ya 2024 timu ya pili inaanza kupiga sisi tumeshafuturu, uji mkononi. Nilikuwa naandika mipira kwenye daftari la mapishi la mke wangu.

Ukhti Chake: Na mke akasemaje?

Konde Pemba: Kaninunulia daftari langu. Jedwali nakuja nalo kesho inshaallah, niko ova za kati.