Mnaosomesha sekondari nyumbani, Ijumaa iacheni wazi

Wazazi wenzangu wa Dar wenye mtoto wa fomu three au four anayesoma nyumbani, ratiba msiianzie Januari kwenda mbele, anzieni mwezi wa 11 kwenye mtihani wenyewe wa fomu four mrudi nyuma. Chukua fomati ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kila somo, orodhesha mada, zigawe Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa usipange kitu kabisa. Hiyo ni ya viporo, yaani mada zilizobaki. Maana umeme utakatika, mvua za masika zitamkwamisha mwalimu wa tuisheni huko Mbagala, logarithimu zitakula siku mbili badala ya moja, na ratiba iliyojaa ikiteleza siku moja tu wiki nzima inavurugika na mtoto anakata tamaa, hilo ndo linaloniuma zaidi. Kama hana kiporo apige pasti pepa ya mada za wiki hiyo, kwa kupimiwa muda. Mbinu hii inagoma pale Ijumaa inapogeuka siku ya kumtuma mtoto Kariakoo, jamani ilindeni. Halafu kama hajapita sekondari ya kawaida, QT (Qualifying Test, mtihani wa maarifa) inatangulia mtihani wa fomu four, ipange hiyo kwanza.