Mwanasiasa akisema "wengi wananiunga mkono" bila kutaja majina: namna ya kuiandika habari hiyo

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, meza ya siasa hupokea kauli zilezile. "Wazee wamenifuata wakaniomba nigombee." "Wabunge walio wengi wako na mimi, ila wakati wao wa kujitokeza bado." "Mabalozi wameniambia." Mimi ni mhariri, na kila mwandishi anayeniletea kauli kama hizo namuuliza kwanza: nani amehesabu? Utaratibu tunaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Sikiliza rekodi mwenyewe, mpaka mwisho

Usitegemee daftari, wala kipande cha video kilichotumwa WhatsApp, wala nukuu ya mwenzako. Machi 2004, John Kerry, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani kwa tiketi ya Democratic, aliwaambia wachangiaji wake huko Florida kwamba kuna viongozi waliomwambia ni lazima amshinde Rais George W. Bush, ila hawawezi kulisema hadharani. Mwandishi wa Boston Globe ndiye aliyekuwa ndani kwa niaba ya wenzake wote, na nukuu aliyowasambazia ilisomeka "viongozi wa nje". Ikulu ikadai majina. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje, naye akadai majina. Baada ya wiki moja hivi, mwandishi yule alirudi kwenye rekodi, akasikia kwamba Kerry alikuwa amesema "viongozi zaidi". Neno "nje" halikuwamo.

Kerry hakulitumia kosa hilo kama mlango wa kutokea. Alishikilia kwamba viongozi wa nje walizungumza naye kweli, na kwamba hatawataja kwa sababu mazungumzo yalikuwa ya siri. Hata hivyo, dunia nzima ilikuwa imebishania sentensi ambayo haikutamkwa hivyo. Kwa hiyo kaa na vipokea sauti masikioni, rudisha nyuma, sikiliza tena, kisha andika neno kwa neno pamoja na sentensi iliyotangulia na iliyofuata.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachohesabika na kisichohesabika

"Wananchi wananipenda" hakihesabiki. Kinukuu kama kilivyo, usikipe kichwa cha habari, songa mbele.

"Wabunge 100" kinahesabika. Saini zinahesabika. Wadhamini wanahesabika: mwaka 2015 CCM iliwataka watia nia wa urais wapate wadhamini 450 kutoka mikoa 15, na fomu hizo zilikuwa na mahali pa kurudishwa na watu wa kuzipokea. "Wazee" wako katikati. Uliza wazee wa wapi, walikuja lini, nani aliwapokea. Mara nyingi kwenye swali la tatu unaambiwa mheshimiwa ana kikao.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye kitabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Palipo na idadi rasmi, karibu kila mara pana mtu anayeishika, naye si mgombea wala mpambe wake.

Kenya wanalijua hili vizuri. Katiba ya 2010 inataka saini za wapiga kura milioni 1 ili mswada wa wananchi wa kuibadilisha uendelee. Kampeni ya Okoa Kenya iliwasilisha saini kama milioni 1.6. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilipozikagua mwaka 2016, ilikubali 891,598 tu, na safari ikaishia hapo. Aliyeandika "Wakenya milioni 1.6 waunga mkono" aliandika hesabu ya wenye kampeni kana kwamba ni ya tume.

Sasa tazama upande wa pili. Oktoba 2022, Liz Truss alipotangaza kujiuzulu uwaziri mkuu wa Uingereza, kila aliyetaka kumrithi alitakiwa apendekezwe na wabunge 100 wa Conservative. Waandishi wakafungua jedwali la waliojitangaza. Rishi Sunak alivuka kizingiti hadharani, huku Boris Johnson akiwa mbali nacho sana. Usiku wa tarehe 23 Johnson akajitoa, akisema alikuwa na wabunge 102. Wengi walicheka. Baadaye Graham Brady, mwenyekiti wa kamati ya wabunge iliyosimamia zoezi hilo, akasema wagombea wawili walifikisha idadi, na mmoja akaamua kutoendelea.

Jedwali la waandishi lilikuwa sahihi, ila lilipima waliojitokeza peke yao. Ndiyo maana sikubali neno "uongo" kwenye habari za namna hii kabla mwenye kitabu hajasema.

Hatua ya 4: Mpigie mpambe

Mazungumzo huenda hivi:

"Kaka, wewe andika tu 'wabunge wengi'."

"Wangapi?"

"Wengi. Ukiwataja watapata shida kwenye chama."

"Sawa, sitawataja. Niunganishe na wawili tu, nizungumze nao bila kuchapisha majina."

Hapo ndipo utakapojua uzito wa dai. Hofu ya kuadhibiwa na chama ni sababu halali, na unaweza kuiheshimu. Lakini mwenye watu 60 hashindwi kukupatia wawili kwa simu. Akishindwa, liandike hilo: "Tuliomba kuzungumza na wawili kati yao kwa sharti la kutowataja; hatukuunganishwa na yeyote."

Hatua ya 5: Chagua kitenzi na kichwa cha habari

"Amedai" pale usipothibitisha, "amesema" kwa nukuu ya kawaida. "Amefichua" na "ameweka wazi" viondoe kabisa, maana vinamthibitishia dai lake. Kichwa kibaya: *Wabunge 80 wamuunga mkono*. Kinachopita mezani kwangu: *Adai ana wabunge 80, waliojitangaza ni 12*. Idadi ya waliojitangaza na tarehe ya kuhesabu ziwe kwenye aya ya kwanza au ya pili, zisisubiri ya tisa ambako msomaji keshaondoka.

Hatua ya 6: Andika tarehe ya kurudi

Fomu zikirudishwa, tume ikikagua au kura ikipigwa, fungua ile habari ya zamani uweke idadi iliyopatikana chini ya ile iliyodaiwa. Na umpigie mpambe yuleyule.