Kumjaribu mwandishi usiyemjua

Ukitaka kuonja waandishi wapya, anza na mkusanyiko wa hadithi fupi za waandishi mbalimbali. Kitabu kimoja kinakupa majina kumi au zaidi, na kila hadithi inamalizika kwa kikao kimoja. Weka alama ya penseli kwenye jina la aliyekushika, kisha mtafutie kitabu chake chembamba, cha kurasa 150 hadi 200. Wengi hukosea hapa: hukimbilia riwaya nene iliyompa mwandishi sifa, wakachoka kabla sikio halijazoea mwendo wa sentensi zake.

Maneno ya jalada la nyuma yameandikwa ili kitabu kiuzike, kwa hiyo yaache. Soma ukurasa wa kwanza, halafu fungua katikati, penye mazungumzo, usome kurasa mbili. Mwanzo hupigwa msasa sana. Katikati ndipo utakapoona kama kila mhusika ana kauli yake au wote wanasema kwa sauti moja.

Mpe kurasa 50 kabla ya kuamua kuendelea naye au kumwacha. Usimsome mara tu baada ya kumaliza kitabu cha mwandishi unayempenda mno, maana sikio bado limejaa sauti ya yule na huyu mgeni ataonekana amepwaya. Pitisha siku mbili tatu. Kama ni tafsiri na haisomeki, tazama jina la mfasiri, huenda ipo tafsiri nyingine iliyo nyepesi. Na ukurasa wa shukrani usiuruke kabisa: mara nyingi mwandishi huwataja humo wenzake waliousoma mswada, nao ndio wa kutafuta baadaye.